Kaskazi si baridi ya Ulaya

Wengi hapa Unguja hudhani kwamba kaskazi, upepo unaovuma takriban Disemba hadi Machi, ni baridi ya Ulaya iliyopata joto njiani. Sivyo. Miezi hiyo bara la Asia hupoa kuliko bahari, hewa yake ikawa nzito na mgandamizo wake (nguvu ya hewa kusukuma) mkubwa, ilhali jua la utosi limehamia kusini mwa Ikweta, ambako hewa hupata joto, hupanda na kuacha mgandamizo mdogo. Hewa ya Asia hukimbilia huko, na mzunguko wa dunia huipindisha, ndipo ikatujia kutoka kaskazini-mashariki. Mkondo wa maji ukitulia pale bandari ya Malindi hapa Unguja, majahazi yaliyotia nanga huelekeza omo, yaani sehemu ya mbele, upande huohuo unakotoka upepo. Asia ikipata joto, mgandamizo hugeuka, na kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza.