Bakteria Sugu kwa Wazee: Kubeba si Kuugua

Mzee anatoka hospitali kurudi kwenye makao ya wazee, na karatasi zake zinasema ana MRSA, yaani bakteria aina ya stafilokoka asiyesikia dawa nyingi. Homa hana, chakula anakula. Ghafla watu wanaogopa hata kumpa mkono. Woga huo unamuumiza bure. Ndugu zetu wengi, hasa kutoka Kenya, wanahudumia wazee Marekani, nao hukutana na jambo hili kila mara.

Takriban mtu 1 kati ya 3 ana stafilokoka wa kawaida puani bila kujua. Yule sugu naye hukaa puani, kwapani au kinenani kwa miezi, pengine miaka, bila kumdhuru aliyembeba. Kwa mzee haondoki upesi kwa sababu vidonda vya kulalia na mipira ya kutolea mkojo humpa bakteria huyo makazi, na kila dozi ya antibiotiki huua bakteria wapole waliokuwa wakimbana.

Tangu Aprili 2024, makao yanayolipwa na bima za serikali ya Marekani yanatakiwa kuwapa wahudumu gauni na glavu wanapomwogesha mzee mwenye kidonda cha kudumu au mpira wa mkojo, kumbadilisha nepi au kugusa kidonda chake; kwa aliyebeba MRSA tu, makao huamua yenyewe. Kumpelekea chai hakuhitaji gauni. Wala hafungiwi chumbani: ale na wenzake.

Linalonisikitisha zaidi ni mkojo, kwa kuwa huko nako kubeba huchukuliwa kuwa kuugua. Katika makao haya, asilimia 25 hadi 50 ya wanawake na 15 hadi 40 ya wanaume wana bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote. Wenye mpira wa muda mrefu, karibu wote. Kwa hiyo mkojo wenye harufu au ukungu, peke yake, si UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mzee akichanganyikiwa, angalieni kwanza kama amekunywa maji, amepata choo, au ameanzishiwa dawa mpya. Homa, kutetemeka au presha kushuka ni mambo mengine: aonwe na daktari mara moja.

Kuna matumaini. Utafiti katika makao 28 ya California, uliochapishwa 2023, ulionyesha kuwa kuwaogesha wakazi wote kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, na kuwapaka ayodini puani kulipunguza wazee waliolazwa kwa maambukizi.

Familia nazo zina la kufanya. Muulizeni daktari, tena na tena, kama mpira wa mkojo bado una kazi. Kama hauna, utolewe siku hiyohiyo.