Kwa nini Vatican ilifungua makaburi ya mabinti wa kifalme kumtafuta msichana aliyepotea mwaka 1983?

Asubuhi ya tarehe 11 Julai 2019, mafundi waliinua mawe ya makaburi mawili katika Makaburi ya Kijerumani, eneo dogo la maziko lililo ndani ya kuta za Vatican, hatua chache kutoka Basilika la Mtakatifu Petro. Kaburi moja lilikuwa na jina la Sophie von Hohenlohe, binti wa kifalme aliyefariki mwaka 1836. La pili lilikuwa la Charlotte Friederike wa Mecklenburg, mama wa mfalme mmoja wa Denmark, aliyefariki mwaka 1840. Lakini hakuna aliyekuja pale kwa ajili ya mabinti hao. Aliyetafutwa ni Emanuela Orlandi, msichana wa miaka 15 aliyetoka nyumbani Juni 1983 kwenda darasa la muziki na hajaonekana tena.

Makaburi yote mawili yalikutwa matupu. Emanuela hakuwemo, na mabinti wenyewe pia hawakuwemo: hakuna jeneza wala mfupa. Chini ya kaburi la kwanza kulikuwa na chumba kitupu cha takriban mita 4 kwa 3.7. Waliokwenda kutafuta maiti moja wakarudi na maiti mbili zaidi za kutafuta.

Dola yenye kumbukumbu za karne nyingi na askari wake yenyewe ilifikaje hapo? Kilichowasha moto ni karatasi moja. Mwaka 2018 wakili wa familia ya Orlandi alipokea barua isiyo na jina la mwandishi, yenye picha ya sanamu ya malaika iliyo juu ya kaburi katika makaburi yale, na maneno yaliyomtaka atafute pale malaika anapoelekeza. Familia ikaomba kaburi lifunguliwe, na Vatican ikakubali. Lakini barua ya namna ile isingepewa uzito wowote kama isingekuwa imetanguliwa na miaka 35 ya barua, simu na minong'ono ya aina hiyohiyo.

Baba yake Emanuela, Ercole, alikuwa mtumishi katika ofisi inayosimamia nyumba ya Papa, na familia iliishi ndani ya Vatican, nchi ya hekta 44 tu. Shule ya muziki ilikuwa upande wa Roma, kwenye jengo linalopakana na Basilika la Sant'Apollinare. Jumatano tarehe 22 Juni 1983 Emanuela alikwenda kujifunza filimbi kama kawaida yake. Jioni alipiga simu nyumbani akamwambia dada yake kwamba kuna mwanamume amempa kazi ya vipodozi vya Avon kwenye onyesho la mitindo, kwa malipo ya lira 375,000. Hilo lilikuwa donge nono mno kwa kibarua cha saa chache, na dada alimwambia arudi kwanza nyumbani azungumze na mama. Baada ya darasa wenzake walimwona karibu na kituo cha basi. Hapo ndipo yanapoishia yale ambayo hayana ubishi.

Usiku huohuo familia ilizunguka mitaani kumtafuta, ikaenda polisi, ikaambiwa isubiri, huenda binti yuko na marafiki. Taarifa rasmi iliandikwa siku iliyofuata. Kwa maoni yangu, hapa pana uzito kuliko njama zote zilizokuja baadaye. Saa za mwanzo ndizo shahidi bado anakumbuka rangi ya gari, sura ya mtu na alikuwa amesimama upande gani wa barabara. Askari wawili waliokuwa kazini karibu na jengo la Seneti walikuja kusema waliona msichana akizungumza na mwanamume mwenye gari la BMW. Kwa ushahidi kama huo, kila siku inayopita ni hasara: mtu akishasoma magazeti hajui tena lipi aliliona na lipi alilisoma.

Na magazeti yalikuja haraka. Familia ilichapisha tangazo lenye picha ya binti na namba ya simu ya nyumbani, jambo ambalo mzazi yeyote angelifanya. Simu ikaanza kulia. Kijana aliyejiita Pierluigi alisema Emanuela ameonekana uwanja wa Campo de' Fiori na filimbi yake. Akafuata mwingine aliyejiita Mario. Baadhi ya waliopiga walitaja mambo madogo ya kweli kuhusu binti, kiasi cha familia kushindwa kukata simu na kuachana nao.

Kisha, Jumapili ya tarehe 3 Julai, baada ya Sala ya Malaika wa Bwana, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwasihi hadharani wanaohusika. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba kuna watekaji. Siku chache baadaye wakajitokeza. Mtu mwenye lafudhi ya kigeni, ambaye magazeti yalimwita "Mmarekani", alidai Emanuela aachiliwe kwa kubadilishwa na Mehmet Ali Ağca, raia wa Uturuki aliyempiga Papa risasi tarehe 13 Mei 1981. Alitoa mwisho wa tarehe 20 Julai, akataka laini ya moja kwa moja na Kardinali Agostino Casaroli, Katibu wa Dola wa Vatican. Kama ushahidi zilitolewa nakala za kadi ya shule ya muziki ya Emanuela na kanda ya sauti. Kadi inaonyesha kwamba mtu fulani alifikia vitu vyake. Kwamba binti mwenyewe yu hai, kadi haionyeshi, na uthibitisho wa hilo haukutolewa hata mara moja. Tarehe 20 Julai ikapita, na Ağca akabaki gerezani Italia hadi mwaka 2000.

Kuanzia hapo kesi iliacha kuwa ya msichana aliyepotea mtaani, ikawa ya Vita Baridi. Idara za ujasusi za Mashariki na Magharibi zikatajwa, fedha za benki ya Vatican zikatajwa, na kila aliyekuwa na siri ya kuuza alipata mnunuzi. Ni rahisi kudhani kesi hii imekwama kwa sababu watu walinyamaza. Ukiisoma kwa mpangilio wa tarehe unaona kinyume: ilizama kwa sababu ya wingi wa maneno. Kila dokezo jipya lilihitaji mpelelezi, siku na saini, na mengi hayakuwa na namna ya kuthibitishwa wala kukanushwa.

Mfano mzuri ni kaburi la Enrico De Pedis. Huyu alikuwa kigogo wa genge la Roma liitwalo Banda della Magliana, akauawa kwa risasi Februari 1990, kisha, ajabu ya maajabu, akazikwa ndani ya Basilika la Sant'Apollinare, pua na mdomo na ile shule ya muziki. Mwaka 2005 mtu asiyejitaja alipiga simu kwenye kipindi cha televisheni cha Italia kinachotafuta watu waliopotea, akasema anayetaka ukweli wa Emanuela aangalie ni nani aliyezikwa pale. Baadaye aliyekuwa mpenzi wa De Pedis akadai genge hilo ndilo lililomteka binti, lakini maelezo yake yalikuwa na tarehe zilizogongana. Tarehe 14 Mei 2012 kaburi likafunguliwa. Ndani ya jeneza alikuwemo De Pedis peke yake. Karibu yake kulikuwa na mifupa mingine, mabaki ya kale ya kanisa.

Swali la haki hapa ni hili: wataalamu wanajuaje kwamba mfupa ni wa kale, tena kwa uhakika wa kumwambia mama mzazi kwamba huyu si mwanao?

Huanza kwa macho. Nyonga ya mwanamke ni pana na pembe zake ni tofauti na za mwanamume. Kwa mtu wa miaka 15, ncha za mifupa mirefu bado hazijaungana kabisa na shina la mfupa, na meno ya mwisho hayajakomaa, kwa hiyo kijana na mtu mzima hutenganishwa bila maabara. Vinasaba huja baadaye, kwa kulinganisha mfupa na damu au mate ya mama na ndugu. Kipimo hicho ni ghali na hushindikana mfupa ukiwa umechakaa sana, ndiyo maana kabla yake hupimwa umri wa mfupa kwa kaboni.

Na hapa bahati ya kihistoria imewasaidia wapelelezi wa karne hii. Kila kiumbe hai hubeba kiasi kidogo cha kaboni 14, ambayo baada ya kifo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni hiyo hewani karibu maradufu, mpaka mkataba wa 1963 ulipopiga marufuku kuyafanya hewani. Emanuela alizaliwa Januari 1968. Chakula chote alichokula tangu utotoni kilikuwa na alama ya mabomu yale, na mifupa yake lazima iwe nayo. Mfupa usio na alama hiyo ni wa mtu aliyekufa kabla, hata kama umekutwa chini ya sakafu iliyojengwa juzi.

Kipimo hiki kilifanya kazi Oktoba 2018, mafundi walipofukua mifupa kwenye jengo la Ubalozi wa Papa nchini Italia, huko Roma. Vichwa vya habari duniani vikapaza jina la Emanuela kabla hata ya mfupa kufika maabara. Majibu yalipotoka, ulikuwa wa mwanamume aliyeishi zama za Dola la Kirumi. Kwenye Makaburi ya Kijerumani nako, siku chache baada ya makaburi matupu kufunguliwa, yalipatikana mashimo mawili yaliyojaa mifupa chini ya sakafu ya jengo la jirani, huenda ilihamishiwa huko wakati wa ukarabati wa zamani. Mtaalamu aliyeteuliwa na Vatican alisema hakuna uliokuwa wa baada ya karne ya 19. Upande wa familia uliomba vipande kadhaa vipimwe zaidi. Mwaka 2020 hakimu wa Vatican alifunga faili hilo la makaburi.

Kuna kikwazo kingine ambacho sayansi haikigusi. Tangu mkataba wa 1929 Vatican ni nchi kamili. Binti alikuwa raia wa nchi moja, akapotelea katika nchi nyingine, umbali wa kutembea kwa miguu. Mwendesha mashitaka wa Roma hawezi kuvuka uwanja wa Mtakatifu Petro akamhoji kardinali au kuchukua jalada. Anaandika ombi rasmi kupitia njia za kidiplomasia na kusubiri jibu litakalompendeza aliyeombwa. Uchunguzi wa Italia ulifungwa mwaka 1997, ukafunguliwa tena, ukafungwa tena mwaka 2015 kwa kukosa ushahidi wa kumfikisha mtu mahakamani. Vatican yenyewe ilifungua uchunguzi wake wa jinai Januari 2023, karibu miaka 40 baada ya tukio. Ercole alishafariki mwaka 2004. Kaka yake Emanuela, Pietro, ambaye leo ana mvi, ndiye aliyepiga kelele miaka yote hiyo, na sioni kama bila yeye kuna jiwe ambalo lingeinuliwa.

Novemba 2023 Bunge la Italia liliidhinisha tume ya uchunguzi ya mabaraza yote mawili. Tume hiyo haikupewa jina moja tu. Tarehe 7 Mei 1983, wiki sita kabla ya Emanuela, Mirella Gregori, naye wa miaka 15, alijibu kengele ya mlango nyumbani kwao Roma, akamwambia mama yake kwamba ni rafiki wa shule na kwamba anakwenda kukutana naye kwenye mnara wa Porta Pia. Hakurudi. Baba yake hakuwa na kazi Vatican, hivyo kamera zilimtaja pale tu alipohusishwa na Emanuela, na hakuna aliyeandika barua ya kuelekeza kaburi la kumtafutia yeye. Tume ina mamlaka ya kuwaita mashahidi na kudai nyaraka kama ilivyo kwa mahakama, kwa kesi zote mbili. Mamlaka hayo yanakoma kwenye mpaka wa Vatican, na walio ng'ambo ya mpaka huo wanaweza kuombwa tu.