Barakoa ya mazoezi haikupeleki Iten

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ukikimbia umevaa barakoa ya mazoezi, ni sawa na kufanya mazoezi Iten, mji wa wakimbiaji ulio kwenye nyanda za juu za Kenya. Si kweli.

Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, Mombasa na Iten vilevile. Kinachopungua ukipanda ni mgandamizo wa hewa. Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo ni kama robo tatu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Barakoa haigusi mgandamizo huo. Inabana tu njia ya hewa. Unahema, kifua kinakaza, unadhani uko mlimani. Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na si ajabu.

Wapimaji wa moyo na mapafu wakitaka kuiga Iten humpa mkimbiaji hewa yenye oksijeni kama asilimia 16, akiwa kwenye mashine ya kukimbilia, huku wakifuatilia mapigo ya moyo na oksijeni ya damu. Kipimo cha oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni nacho husaidia: ukivaa barakoa, oksijeni hiyo kwa kawaida hushuka kidogo tu au haishuki.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kabla ya kuijaribu.