Nyumbu hawana tarehe ya kuvuka mto

Kila ikifika Mei swali linaanza upya: "Nyumbu wanavuka tarehe ngapi, nikate tiketi?" Anayeuliza ameiona ile ramani ya uhamaji wa nyumbu, yenye mishale inayozunguka Serengeti, Februari Ndutu, Juni Grumeti, Agosti Mara, Desemba Ndutu tena, akaamini kuna ratiba kama ya basi la Musoma. Nimeshalijibu kwa sentensi moja mara nyingi mno, na sentensi moja haitoshi. Tarehe haipo. Kuvuka Mto Mara wenyewe si uhamaji, ni kikwazo kimoja ndani ya uhamaji, na mtu anayepanga safari nzima kwa ajili ya kikwazo hicho anarudi nyumbani akisema amedanganywa.

Ukitaka kuwaelewa nyumbu, uache mto kwanza uanze na udongo.

Nyanda za kusini mashariki, kuanzia Ndutu hadi Gol na kuelekea Ol Doinyo Lengai, zimefunikwa na majivu ya volkano, ya Lengai yenyewe na ya Kerimasi iliyozimika zamani. Chini ya majivu hayo, mara nyingi hata mita moja haifiki, kuna tabaka gumu la chokaa kama sakafu ya saruji. Mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana pale huoni mti hadi macho yachoke. Majani yanabaki mafupi, lakini yana fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko majani ya kaskazini. Jike anayenyonyesha anayahitaji madini hayo kuliko anavyohitaji kushiba. Na kwa kuwa majani ni mafupi, simba hana pa kujificha.

Sasa tazama mvua. Upepo wa mashariki unamwaga mvua yake kwenye miinuko ya Ngorongoro, ukishuka upande wa pili umeshakauka. Kusini mashariki kunapata karibu milimita 500 kwa mwaka. Ukielekea kaskazini magharibi unavuka 1,000. Mvua ikikatika kusini, mabwawa yanakauka, na maji yanayosalia kwenye maziwa ya Ndutu na Masek yanazidi kuwa ya magadi. Nyumbu hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa.

Kwa hiyo chakula bora kiko kusini na maji ya uhakika yako kaskazini. Mto Mara, unaotoka misitu ya Mau, Kenya, na kuishia Ziwa Victoria, ndio mto pekee wa ikolojia hii usiokauka kiangazi. Mambo mengine yote yanafuata hapo. Mvua ingenyesha Ndutu mwaka mzima, nyumbu hawangekuwa na sababu ya kuuona Mto Mara. Kaskazini wanakwenda kwa kulazimika, wakala majani marefu yenye lishe hafifu, na wakipata nafasi ya kushuka wanashuka.

Ndiyo maana mishale ya ile ramani inaniudhi. Inaonyesha msafara mmoja unaozunguka upande mmoja kama mkono wa saa. Kilichopo ni makundi mengi yanayotawanyika na kukutana, yakigeuka kila mvua inapogeuka. Ikija wiki mbili za jua kali katikati ya Februari, nyumbu wanaondoka nyandani wanarudi vichakani upande wa Moru na Maswa, halafu mvua ikinyesha wanatoka tena. Vuli ikiwahi, unawakuta wakishuka tangu Oktoba. Ikichelewa, Desemba inaingia bado wako katikati. Mwaka mmoja wanapita Grumeti, upande wa magharibi, kwa wingi, mwaka unaofuata sehemu kubwa inakatiza moja kwa moja kupitia Seronera na Lobo, na waliolala magharibi wakiwasubiri wanaona swala pala na mbung'o.

Kitu kimoja tu kinakaribia kuwa na tarehe, nacho ni kuzaa. Majike hupandwa karibu wote kwa pamoja, Mei hadi Juni, wanabeba miezi minane na kidogo, na takriban asilimia 80 ya ndama wanazaliwa ndani ya wiki tatu hivi, kwa kawaida Februari. Ndama anasimama dakika chache baada ya kudondoka. Fisi na simba wanashiba mpaka wanashindwa kula, na ndama wengi wanapona kwa sababu tu ni wengi kwa wakati mmoja. Mtu anayetaka uhakika na ana likizo moja tu, mimi humwelekeza Ndutu Februari. Wengi wanakataa, wanataka mamba.

Haya, mamba. Picha ya mamba na nyumbu imewafanya watu waamini kwamba mtoni ndiko nyumbu wanakofia. Wanakufa, ndiyo. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba wastani wa nyumbu 6,250 kwa mwaka wanazama Mto Mara, na kinachowaangamiza ni maji na msongamano, si mamba: kingo ndefu ya kutokea, wa nyuma wanasukuma, wa mbele wanateleza na kukanyagwa. Mamba wanakula sehemu ndogo tu ya mizoga hiyo. Tai wanapata sehemu yao, samaki yao, na mifupa inaendelea kuachia virutubisho mtoni kwa miaka.

Lakini weka 6,250 pembeni ya kundi la laki nyingi uone ni kidogo kiasi gani. Mwaka 1999 mtafiti Simon Mduma na wenzake walichambua kumbukumbu za miaka 40 wakaonyesha kwamba karibu robo tatu ya vifo vinatokana na lishe duni. Njaa ya mwisho wa kiangazi, wakati majani ya kaskazini yamebaki mabua, inaua kuliko mamba, simba na fisi wakijumlishwa. Hakuna anayesafiri kuja kupiga picha nyumbu aliyelala chini ya mgunga Oktoba akiwa mbavu tupu, ila huo ndio uhamaji wenyewe unavyoonekana pale hesabu inapofungwa.

Kosa lingine linalokwenda na lile la tarehe: "wakivuka wamekwenda Kenya." Mto Mara unaingia Tanzania na kupita Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na ng'ambo yake ya kaskazini kuna Lamai, ambayo bado ni Serengeti. Nyumbu anayevuka Kogatende anatoka Tanzania anaingia Tanzania. Wengine wanaendelea hadi Maasai Mara, wengine hawaendi, na kundi lilelile linaweza kuvuka asubuhi kwenda Lamai na kurudi baada ya siku mbili kwa sababu wingu lilinyesha upande wa huku. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, Hifadhi ya Maasai Mara takriban 1,510. Kenya ina uhamaji wake pia, wa nyumbu wa nyanda za Loita, ambao hausemwi kabisa: miaka ya 1970 walizidi laki moja, wakashuka hadi kama elfu 20 baada ya mashamba ya ngano na nyaya za uzio kukata njia zao. Hilo linastahili kelele kuliko ubishi wa nyumbu ni wa nani.

Na tafadhali usipange kuwafuata kwa gari kutoka Kogatende hadi Mara. Mpaka wa Bologonja umefungwa kwa watalii tangu 1977. Utazunguka Sirari na Isebania upande wa magharibi, au Namanga upande wa mashariki, na siku nzima itaishia barabarani.

Kuna mambo tunayowaambia wageni kwa uhakika kuliko yanavyostahili. La kwanza ni la mpangilio wa malisho: pundamilia wanatangulia wakikata mabua, nyumbu wanafuata majani, swala tomi wanamalizia machipukizi, kila mmoja akimwandalia mwenzake. Ni somo zuri na limefundishwa miongo mingi. Utafiti wa karibuni umelitia dosari: kwa swala tomi lina ukweli, nyumbu wanawafungulia malisho kweli, lakini pundamilia wanaelekea kutangulia kwa sababu wanakimbia kushindana na nyumbu kuliko kwamba wanawahudumia. La pili ni namna nyumbu wanavyojua mvua imenyesha wapi. Wapo wanaosema wananusa, wengine kwamba wanaona radi, wengine wanasikia ngurumo. Sayansi haijafunga mjadala huo, na mwongoza watalii akikutajia umbali kamili wa kunusa, mpokee kwa heshima bila kuuandika.

La tatu ni idadi. Sote tunasema milioni 1.3. Namba hiyo ina historia ya kweli: sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiua na nyumbu, ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu walipanda kutoka kama laki 2 na nusu mwaka 1961 hadi takriban milioni 1.3 mwaka 1977, na hesabu za picha za ndege zikaendelea kuzunguka hapohapo. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti uliotumia picha za setilaiti za 2022 na 2023, ukahesabu chini ya laki 6. Haimaanishi lazima kwamba nusu wamekufa. Wanaokuwa chini ya miti setilaiti haiwaoni, na njia mbili tofauti za kuhesabu zinaweza kutofautiana sana. Hata hivyo pengo ni kubwa mno la kupuuzwa, na mimi nimeacha kuitaja milioni 1.3 bila kueleza imetoka wapi.

Kwa anayetaka kuwaona nyumbu wakivuka mto bila kujali niliyoyasema, panga hivi. Lala Kogatende au jirani yake usiku nne, si mbili. Usiku mbili ni siku moja na nusu za porini, na nyumbu wanaweza kusimama ukingoni kwa muda wa saa tano wakageuka wote kwa sababu pundamilia wa mbele amekoroma. Julai hadi Oktoba panafaa. Wanaoogopa Oktoba wanakosa makundi yanayorudi kusini, na magari yamepungua. Usiende Kogatende na kurudi Seronera siku hiyohiyo, barabara inakula nusu ya mwanga. Kabla ya kuondoka Arusha, uliza mvua imenyesha wapi wiki iliyopita. Hilo lina maana kuliko kuuliza nyumbu walikuwa wapi jana. Novemba ikifika, fikiria udongo mweusi: tope lake linashika gari hadi ekseli, na gari moja bila mwenzake ni kulala hapohapo.

Ukingoni ndipo ninapokosa subira kabisa. Redio inalia, magari 40 yanakimbilia kingo moja, na dereva anasogeza pua ya gari mpaka maji yaonekane kwa mgeni wa kiti cha nyuma. Nyumbu wa mbele anaona ukuta wa vyuma, anageuka, kundi lote linageuka naye. Hilo ndilo dogo. Baya ni gari linalosimama ng'ambo, kwenye njia ya kutokea. Nyumbu wakishaingia majini hawarudi kirahisi. Wakikuta njia imezibwa wanatafuta pengine, wanakutana na ukuta wa udongo wima, na hapo ndipo wanapolundikana na kuzama.

Kaa mbali nyuma ya vichaka, zima injini, milango isifunguliwe, mtu asisimame juu ya paa. Tazama vijia vilivyochimbwa na kwato pande zote mbili na uviache wazi, hata kama hakuna nyumbu anayeonekana. Usisogee wa kwanza anapogusa maji, wala wa kumi. Subiri mstari uwe mrefu na wa mbele wawe wameshapanda ng'ambo, ndipo usogee taratibu upande mmoja, ukiwa na mahali pa kurudi nyuma. Dereva akikuambia kutoka hapa hutaona vizuri, mwambie umekubali kuona vibaya.