Mkono mwepesi? Mkono mwepesi ndo unaokuumbua

Juzi tena, harusini Nyali, shoo yangu ya mazingaombwe imeisha mzee mmoja akanishika bega akawaambia wenzake, "huyu siri yake ni wepesi wa mkono tu, macho hayamuwahi." Nikacheka. Nilicheka manake nilikuwa sijalipwa bado. Lakini nimechoka na hii stori wallahi, na wanaoniudhi zaidi si wazee, ni hawa vijana wanaoniandikia WhatsApp "bro nitumie pidiefu ya kitabu cha mazingaombwe", halafu baada ya wiki wananirushia video, mkono unaruka utadhani umemwagikiwa mafuta ya viazi karai, na swali chini: mbona kila mtu ananishika?

Unashikwa kwa sababu unakimbia. Chukua triki ya kwanza kabisa, koini kupotea. Koini iko ncha za vidole vya kulia, mkono wa kushoto unakuja kama unaichukua, hauichukui, koini inashuka yenyewe kwenye pamu ya vidole, yaani inajificha kwenye mikunjo ya vidole, kulekule kulia. Hapo hakuna kasi yoyote, ni uzito wa koini ndo unafanya kazi. Kazi yako wewe ni kufanya mkono wa kushoto uondoke kama una kitu ndani, na macho yako yaende nao, na mkono wa kulia ubaki palepale kidogo halafu ndo uanguke ubavuni kama umeshamaliza shughuli zake. Ukiuondoa mapema umekwisha. Ukiutupia jicho hata kidogo, umekwisha pia. Na kabla ya kudanganya ichukue koini kweli, tena na tena, ujue wewe mwenyewe huwa unachukua vitu kwa mwendo gani, manake uongo lazima utembee kwa mwendo uleule wa ukweli. Jicho la binadamu linadaka kitu kinachoshtuka ghafla, sasa wewe mikono ilikuwa imelala dakika nzima, mara moja inachomoka, mtoto wa chekechea ataangalia wapi kama si hapo?

Na hili limepimwa. 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land waliwaonyesha watu mtu anarusha mpira juu mara mbili, mara ya tatu anajifanya tu kurusha, mpira umebaki mkononi. Mtu huyo akiangalia juu kama anaufuata mpira, wengi waliapa wameuona unapaa na kupotelea hewani. Akiangalia mkono wake, waliodanganyika ni wachache zaidi. Utamu wenyewe ni kwamba walifuatilia na macho ya watazamaji, wakakuta hayakwenda hata pale walipodai wameuona mpira! Yaani jicho halikupitwa na mkono, jicho lilikuwa sawa, akili ndo iliuchora mpira usiokuwepo.

Sasa hapa niseme ukweli, kuna kitu kinanisumbua. 2016 watafiti wengine, Cyril Thomas na André Didierjean, wakafanya jaribio kama hilo na mtu aliyefunikwa uso, na bado watu waliona mpira ukipaa. Kwa hivyo mimi ninayewapigia kelele wanafunzi wangu macho, macho, macho, huenda nayapa macho sifa kuliko stahili yake, na ule mwendo wa mara mbili za kwanza ndo unafanya kazi kubwa. Bado nawafundisha macho. Lakini siapi tena.

Na wanaosema natumia majini siwajibu, mwandishi Reginald Scot alishawajibu Uingereza 1584, kwenye kitabu chake alieleza mpaka triki za koini na vimpira ili watu waache kuona uchawi kila mahali.

Turudi kwa vitabu, manake tatizo linaanzia huko. Vitabu vya mazingaombwe vya Hoffmann 1876, Erdnase 1902 (ambaye mpaka leo watu wanabishana alikuwa nani), Bobo 1952, vyote vizuri, mimi nimevisoma mpaka kurasa zimelegea. Lakini angalia michoro yake mingi: mikono imekatwa kwenye kifundo, haina uso, haina macho, hakuna mtu mbele yake. Msomaji akitoka hapo anajua vidole tu. Halafu koini zenyewe, Bobo anashika nusu dola ya Marekani, milimita 30.6, wewe unajaribu pamu hiyohiyo na koini ya mbao, yaani shilingi ishirini, yenye milimita 26, inadondoka, unasema mkono wako mzito. Si mkono yakhe, ni koini. Anzia pamu ya vidole, ile ya katikati ya kiganja ngoja kwanza.

Na kama bado huamini nenda katazame pata potea, ile kamari ya karata tatu ya mtaani. Katazame tu, hela acha nyumbani. Jamaa anatupa karata polepole kabisa, ana mbili mkono mmoja, moja juu ya nyingine, wewe unajua ya chini ndo inatoka, kumbe ametoa ya juu. Kodoa macho unavyotaka, umeshaanza kufuata karata siyo. Yaliyobaki ni wale "wateja" wanaoshinda, ambao ni watu wake.

Pidiefu situmi. Jirekodi na simu, kioo achana nacho, kioo kinakuzoesha kutazama mkono unaoficha koini. Ukicheza video angalia uso wako kwanza, na ukikuta unapepesa jicho sekunde ileile koini inaposhuka, wengi wetu tunafanya hivyo bila kujua, rudia tena, polepole zaidi.