Acheni Kunitumia Klipu za "Hapo Kambana"

Wiki hii nimetumiwa nyingine tena. Mtangazaji anamkatiza waziri kila anapofungua mdomo, sauti inapanda, waziri anakunja uso, na juu ya picha maandishi: "Hapo kambana! Nyinyi wengine mjifunze." Nikaitazama hadi mwisho nikitafuta kitu kimoja tu: waziri kasema nini ambacho jana hatukukijua? Hakuna. Angesemaje, na hakuachiwa nafasi ya kumaliza hata sentensi moja? Alitoka studio na siri zake zote kama alivyoingia, na huruma ya watazamaji juu yake.

Kazi yangu ni mahojiano ya kina redioni, siasa za dunia na utamaduni, na nimechoka na imani hii kwamba mahojiano hupimwa kwa jasho la mgeni. Inawaharibu watangazaji chipukizi. Wanaingia na karatasi ya maswali makali, wanayasoma moja baada ya jingine kama karani anayeita majina, na mgeni akitamka jambo zito katikati, wao macho yako kwenye swali la sita.

Wanaoitetea hunitajia wakubwa wa fani: Oriana Fallaci, David Frost, Jeremy Paxman. Vizuri. Tuwachukue hao hao.

Fallaci, yule Mwitaliano, alikuwa mkali kweli, sibishi. Mwaka 1979 kule Qom, Iran, mbele ya kiongozi wa nchi hiyo, Ayatollah Khomeini, alilivua palepale chador, lile vazi la kujifunika mwili, alilolazimika kulivaa ili akubaliwe kuingia. Lakini kuna jibu moja alilolipata Novemba 1972 ambalo hadi leo linasimuliwa, na halikutoka kwa ukali. Henry Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa Marekani, katikati ya mazungumzo ya kumaliza vita vya Vietnam, alijifananisha na mchunga ng'ombe wa sinema anayeingia mjini peke yake juu ya farasi. Peke yake! Huku bosi wake yuko Ikulu ya Washington. Baadaye Kissinger aliandika kwamba hajawahi kufanya mazungumzo yaliyomletea balaa kubwa zaidi ya hayo na mwandishi yeyote. Sasa tafuteni swali lililoyatoa maneno hayo. Fallaci alimuuliza anaelezaje umaarufu wake, maana alikuwa akishangiliwa kama nyota wa sinema. Swali la kumsifu! Kissinger akalegea, akaeleza anavyojiona mwenyewe. Swali kali lingemkuta amejifunga mkanda.

Frost naye, mtangazaji wa Uingereza. Mwaka 1977 alimrekodi Nixon kwa siku 12, karibu saa 29 za mkanda, chini ya miaka mitatu baada ya Nixon kujiuzulu. Sentensi inayokumbukwa kuliko zote ni ile aliyosema kwamba rais akilifanya jambo, basi jambo hilo si kinyume cha sheria. Watu hudhani ilitoka kwenye mabishano makali juu ya Watergate, kashfa iliyomfanya ajiuzulu. Haikutoka huko. Walikuwa wakizungumzia mpango wa mwaka 1970 wa kuwapeleleza wapinzani wa ndani, pamoja na kufungua barua zao na kuvunja na kuingia kwenye majengo. Frost akamrudishia maneno yake kwa utulivu: kwa hiyo, kwa namna fulani, unachosema ni kwamba kuna hali ambazo rais anaweza kuamua jambo fulani ni kwa manufaa ya taifa, akafanya kitu kisicho halali? Alichofanya Frost ni kufupisha alichosikia na kumkabidhi mwenyewe. Nixon akakikamilisha kwa mdomo wake.

Nakaa kwenye mfano huu kwa sababu "kwa hiyo unachosema ni..." ndiyo zana ninayoitegemea kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ukimfupishia mtu kwa haki, ana njia mbili: akubali, na hapo kauli imekuwa yake rasmi, au akusahihishe, na katika kusahihisha aseme lililo chini zaidi. Vyovyote iwavyo msikilizaji kapata kitu. Ila ufupisho uwe wa haki. Ukimtilia maneno mdomoni, atatumia dakika kumi kulalamika kwamba umemsingizia, na atakuwa sahihi.

Hata kwenye Watergate yenyewe, ambako Frost alimkaza kweli, silaha yake ilikuwa nyaraka. Timu yake ilichimba kumbukumbu za mahakama ikapata maandishi ya mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson, na Frost akayasoma mbele yake, tarehe na maneno. Huko ndiko kubana ninakokuheshimu. Kunahitaji wiki nyingi za kusoma, na hakuna anayekukatia klipu ukiwa maktaba.

(Ndiyo, Nixon alilipwa: dola 600,000 na sehemu ya faida. Jambo hilo linanikera hadi leo, kwa sababu mahojiano yenyewe ni bora na siwezi kuyatupa, na bado naamini mgeni hapaswi kulipwa ili ajibu. Sijaweza kuyapatanisha hayo mawili.)

Paxman ndiye kipenzi cha wapenda klipu. Mei 1997, kwenye Newsnight ya BBC, alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, swali lile lile mara 12 hivi: je, alitishia kuutengua uamuzi wa mkuu wa idara ya magereza? Sikilizeni tena, safari hii msikilize majibu. Howard alikuwa akieleza kwamba hakuwa na mamlaka ya kumwamuru mkuu huyo. Hilo ni jibu la swali jingine. Paxman alirudia kwa sababu alikuwa anasikia, tena kwa makini sana, kwamba swali lake halijaguswa. Na swali lenyewe lilikuwa jembamba, la ndiyo au hapana, juu ya jambo ambalo Howard alikuwepo. Mtangazaji anayerudia mara sita "kwa nini nchi iko hivi?" hamuigi Paxman. Anapiga kelele tu. Paxman mwenyewe alikuja kusema kwamba aliendelea kurudia kwa kuwa taarifa iliyofuata haikuwa tayari kurushwa.

Mahojiano ya Emily Maitlis wa BBC na Prince Andrew wa Uingereza, Novemba 2019, mnayajua, sitayachambua. Rudini tu mkaone sauti yake ilivyokuwa chini. Andrew alipodai kwamba siku aliyotuhumiwa kulala na msichana wa miaka 17 yeye alimpeleka binti yake Pizza Express mjini Woking, Maitlis aliuliza kwa nini akumbuke jambo hilo kwa uhakika namna hiyo. Mwisho wa swali. Maelezo mengine yote mgeni aliyatoa mwenyewe, na siku chache baadaye alitangaza kujiondoa kwenye shughuli za umma.

Nikiulizwa basi kazi iko wapi, nasema iko kwenye swali la pili. Wabunge wetu wana swali la nyongeza, na wengi wao huja nalo limeshaandikwa, ndiyo maana halina nguvu. Swali la pili haliandikwi nyumbani. Linatoka ndani ya jibu. Mgeni anasema, "Makosa yalifanyika." Nani aliyafanya? Anasema, "Tulishauriwa na wataalamu." Wataalamu gani, na walishauri nini hasa? Anasema, "Hilo tunalifanyia kazi." Nani analifanyia, na tangu lini? Hakuna ukali hapo, ni maneno matatu manne, lakini huwezi kuyauliza kama ulikuwa unasoma karatasi yako. Maswali wazi ya kumfanya mtu aeleze, maswali funge ya ndiyo au hapana, swali lenye vichwa viwili, hayo mlifundishwa chuoni, sirudii. Ila hilo la vichwa viwili, jamani, kila siku nalisikia: "Je, unaonaje hali ya Sudan na nini kifanyike?" Mgeni atachagua kichwa kilicho rahisi, kila mara.

Sasa linalonikera kuliko yote. Naambiwa Kiswahili kimejaa heshima mno, hakifai kwa mahojiano mazito, ndiyo maana inabidi mtu awe mkali au achanganye Kiingereza ili aonekane hana woga. Mtu anayesema hivyo hajawahi kukaa barazani. Wazee wa pwani huambiana maneno mazito jioni nzima, huku kahawa inazungushwa, na hakuna anayepandisha sauti. Lugha ina kila kitu unachohitaji. "Mzee, hapo umenipeleka kwenye bajeti ya mwaka huu. Mimi niliuliza ya mwaka jana. Naomba turudi." Nimemkosea adabu? Hata kidogo. Amepata pa kukimbilia? Hana. Shikamoo ya mlangoni haifuti swali, na mgeni aliyeheshimiwa mwanzoni hukosa kisingizio cha kuondoka kwa hasira. Nina sharti moja tu kwa chipukizi: "Mheshimiwa" mara moja wakati wa kumtambulisha, inatosha. Mkiirudia katika kila sentensi mnakula muda wa swali, tena mnajikumbusha nyinyi wenyewe kuogopa.

Mafumbo nayo yana dawa yake. Wapo wageni, hasa wazee na washairi, wanaojibu kwa fumbo tamu kiasi kwamba mtangazaji anacheka na kusonga mbele. Mimi husema: "Bibi, wewe na mimi tumeelewana. Msikilizaji aliyeko Bujumbura hajaelewa. Mfafanulie." Anafafanua, na mara nyingi ufafanuzi unauma kuliko fumbo.

Kuna na upande wa pili wa kosa hili, wa watu wanaodhani swali zito ni chuki. Januari 2019 Tundu Lissu, akiwa bado Ulaya kwa matibabu baada ya kupigwa risasi Dodoma Septemba 2017, alihojiwa na Stephen Sackur kwenye HARDtalk ya BBC. Wapo walionijia wakisema yule Mwingereza katumwa, mbona anamuuliza maneno ya wapinzani wake. Ndiyo kazi yake! Kipindi kile tangu 1997 kiliendeshwa kwa kumwekea kila mgeni hoja nzito kabisa za upande unaompinga. Akija wa serikali, anakutana na hoja za upinzani. Mgeni anayejua anachosema hunufaika, kwa kuwa anapewa nafasi ya kuijibu tuhuma nzito mbele ya dunia nzima. Kilipofungwa Machi 2025 nilihuzunika sana, na sioni kilichoziba pengo.

Utamaduni ndio unaoonewa zaidi. Msanii akija, wote wanalegea ghafla, kana kwamba uzito ni wa wanasiasa peke yao. Angalieni Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Katika mahojiano yake mengi niliyoyapitia, swali kubwa ni umri wake na sigara zake. Huyu ni mwanamke aliyebeba nyimbo za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Bi Kidude alipiga ngoma ya msondo na kuwafunda wanawali unyago. Uliza wimbo ule Siti aliuimbaje na yeye kaubadilisha wapi, na kwa nini hapo. Uliza nini kinafundishwa unyagoni ambacho shule haifundishi. Muulize nani alimlipa, na kiasi gani. Kumuuliza msanii swali zito ni kumheshimu, na sijui kwa nini hili linahitaji kuelezwa.

Nina mashaka yangu, na vitabu vya uandishi wa habari havinisaidii. La kwanza ni kwamba siwezi daima kutofautisha utulivu wangu na woga. Nikisikiliza rekodi zangu, zipo sehemu niliziacha zipite na nikajiambia ni mkakati, kumbe pengine mgeni alikuwa na cheo kikubwa tu. Watu wa ukali hawana shida hiyo, na hapo nawaelewa.

La pili ni ukimya. Mgeni akimaliza, ukanyamaza, yeye ataujaza ukimya huo. Kwenye matangazo ya mubashara mhariri atakupigia kelele sikioni, lakini kwenye rekodi ni njia yenye nguvu ya kutisha, na kwa kiongozi naitumia bila kuwaza mara mbili. Ila ukimya hauchagui mtu. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotekwa Januari 2025 tulizungumza na watu waliokimbia, na mama mmoja, nilipochelewa kidogo tu kuuliza, alianza kusimulia mambo ambayo majirani zake wangeyatambua ni yake hata bila jina. Nilisimamisha rekodi. Kuna wenzangu wanaoona nilipoteza sehemu bora ya kipindi.

Tangu hapo, kwa mtu aliyeumia, namweleza kabla hatujaanza kwamba nitanyamaza mara kwa mara na kwamba halazimiki kujaza. Tukimaliza namuuliza kama kuna sehemu anayotaka iondolewe, na inaondolewa. Waziri simpi nafasi hiyo. Mhariri mmoja aliniuliza mstari unapita wapi: mwanaharakati anayejulikana, mwanajeshi aliyetoroka kikosi, mke wa kiongozi aliyefungwa? Kwa mwanajeshi nimebadilisha msimamo zaidi ya mara moja, na wiki ijayo nina mahojiano na mmoja wao ambaye hadi sasa sijaamua nitamwambia nini kabla ya kubonyeza kitufe.