Siasa zimechacha, nami natamani kahawa na kashata: ni vibaya?

Tangu maandamano ya Juni 2024 hapa Kenya, yaliyomfanya Rais Ruto akatae kutia saini Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, wanaokuja kupimwa presha huku Mombasa huniuliza mambo yasiyo na dawa kwenye rafu. Haya ndiyo yanayorudi sana.

Vijana wameuawa, nami nimekaa barazani nanywa kahawa. Si kukosa utu huku?

La. Hata matangani watu hula, wakamtaja marehemu kwa vituko vyake, wakacheka, na hakuna anayesema wamemsahau. Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule anayejinyima kila kitu kwa ajili ya taifa, kisha siku ya tatu anamfokea mtoto kwa kumwaga uji.

Lakini kahawa itanisaidia nini mwilini?

Ukiona video ya risasi, mwili hautofautishi vizuri simu na mtaa. Unamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, shingo inakaza, tumbo linavurugika. Maumbile hayo ni ya hatari inayokuja na kupita, kama mbwa anayekukimbiza. Habari za siasa hazipiti; kila ukifungua simu, mbwa ni yuleyule.

Sasa mtazame muuza kahawa jioni pale Mji wa Kale. Dele liko juu ya makaa, vikombe vinalia mkononi mwake, tangawizi inanukia. Kikombe ni kidogo na cha moto, huwezi kukibwia. Unapuliza polepole, unaonja, unamega kashata, unapuliza tena. Kule kupuliza ni kutoa pumzi ndefu, na pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo. Wazee wetu hawakuita tiba, waliita kahawa.

Ila nikutahadharishe: hata zikipita saa tano hivi tangu unywe, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kama usingizi umekupaa, jioni kunywa maji ya tangawizi, kahawa iwe ya asubuhi.

Mimi si mtu wa kahawa, na mfukoni hamna kitu.

Basi tafuta kinachoshika mikono yote miwili. Kanda unga wa mahamri, tunga asmini, mwagilia mrehani wako, cheza bao na jirani. Mkono wenye unga haushiki simu, na hapo ndipo kwenye siri yenyewe. Jirani naye ni nusu ya dawa: mkibishana kuhusu kete, kwa muda huo hambishani kuhusu vyama.

Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, usiuhesabu humu. Najua wengi watanuna, lakini unapandisha mapigo ya moyo na presha na kukunyima usingizi, yaani kazi ileile ya hofu. Pombe nayo hulaza mtu haraka, ikamwamsha saa 9 usiku.

Kwa hivyo niache kufuatilia habari?

Hapana, wewe ni raia. Zifuate mara mbili kwa siku, kwa saa unayoichagua mwenyewe, na simu isilale nawe kitandani. Kama kuna ghasia mtaani kwako, hilo ni jambo jingine: hapo unahitaji kujua barabara ipi imefungwa, na usalama hutangulia kahawa.

Nitajuaje kwamba haya hayatoshi?

Ikiwa kwa wiki mbili hata ulichokipenda sana hakikugusi, mahamri yananukia nawe huna habari, hulali au huamki, au yale machafuko ya baada ya uchaguzi ya 2007 na 2008 yanakurudia ndotoni kana kwamba ni jana, nenda kituo cha afya ukaonane na mshauri. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki mbili. Nchini Kenya piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu, hailipiwi. Na ukishindwa kupiga, mpe simu aliye karibu nawe akupigie.